Tangi la Sita

Jina lake la kwanza lilizikwa chini ya rangi ya kijivu,
la pili lilikoma vita vilipokoma,
la tatu ndilo tuliloliona sisi, herufi nyeupe kisogoni,
nalo wachukuzi wa Tanga hawakulijali.
Walimwita Mama Koroboi.

Alikuja kila miezi miwili, kiuno kimezama,
akatia nanga mbali, maana gati letu lilimshinda.
Bomba la mpira likalazwa juu ya maji
kutoka ubavuni mwake hadi matangi ya ufukweni,
likatetemeka usiku kucha kama mshipa wa shingo ya mgomvi.
Kesho yake mabehewa yanapanda Korogwe, Mombo, Moshi,
mashine za mkonge zinakohoa upya,
na Ngamiani, barabara baada ya barabara,
kila dirisha lina ulimi mdogo wa moto.

Baba alikuwa mpimaji.
Utepe wa shaba, chaki, daftari.
Anauteremsha utepe, anaupandisha, anasoma palipolowa:
futi kumi na nne, inchi tatu.
Tangi likikauka anaandika: tupu.
Sijui kama aliandika neno jingine maishani,
labda barua mbili, zote za madai.

Meli ya vita ile, alisema,
ilishonwa kwa pupa, kama sanda,
maana walioishona hawakutegemea irudi.
Ubavuni ilikuwa na kiraka kikubwa kama mlango wa kanisa.
Mpishi, Mgoa mmoja mkimya,
kila akipita alikigusa kwa mgongo wa mkono,
kama mtu anavyogusa paji la mtoto mwenye homa.

Siku moja pampu ikagoma, mafuta yakabaki kitakoni mwa tangi la sita.
Baba akashuka na debe na matambara.
Bila taa. Cheche moja tu, na mji mzima ungejua.
Harufu ikampanda kichwani kama tembo la mnazi,
akapapasa ukuta kutafuta ngazi,
na kidole kikakuta mshono wa chuma
unaopinda pasipo sababu ya kupinda.
Akarudi nyuma, akaanza tena, polepole,
kama alivyofundishwa Magila.
E.
D.
N.
A.
Mtu alikuwa ameandika kwa moto
mahali ambapo jicho halikutarajiwa kufika.

Alimuuliza fundi wa mashine. Fundi akacheka:
wanaume walikuwa vitani, kwa hiyo wasichana ndio walioshika moto,
wengine hata miaka ishirini hawajatimiza.
Jioni ile baba alimtazama mama mikono,
akaitazama mpaka mama akaificha ndani ya kanga.

Mimi nilizaliwa wiki iliyofuata.
Padri akauliza, mtakatifu Edna ni yupi huyo?
Baba akajibu: yuko chini, Padri.
Padri akakunja uso, lakini maji alikuwa ameshayachota.
Bibi aliniita Edina mpaka kufa kwake.

Kisha, uhuru ulipokuwa bado mpya, Mama Koroboi hakuja.
Miezi miwili. Minne.
Karani Mwakidudu akaleta habari pamoja na mishahara:
imeuzwa kwa uzito, kama samaki.
Ikakatwa huko, ikayeyushwa, ikawa nondo, ikawa masufuria,
na mimi sijui herufi huenda wapi chuma kikiwa uji.

Sasa tuna umeme, siku nyingi.
Ukikatika nawasha koroboi, na wajukuu wanaziba pua.
Mimi siizibi.

Daftari la baba ninalo.
Ukurasa wa siku ile, mstari wa tangi la sita,
ameandika tupu, akalikata.
Pembeni, kwa penseli iliyobonyezwa sana: si tupu.
Na chini yake wino mwekundu wa karani unauliza mpaka leo:
galoni ngapi?